Asiyefunzwa na Mamaye, Je, Afunzwe na Simu?

Ilikuwa asubuhi ya siku ya pili ya Idd. Watoto wa mtaani petu, Mji wa Kale, Mombasa, walikuwa wamekwisha kuvaa nguo zao mpya, na mkono wa Idd waliopewa siku ya kwanza walikuwa wamekwisha kuumaliza katika viwanja vya Makadara. Wasichana walirudi na bangili na maputo. Wavulana, wengi wao, walirudi na bunduki za plastiki, zile zinazorusha vijirisasi vidogo mfano wa punje za choroko.

Kufikia saa nne vita vilikuwa vimepamba moto kichochoroni. Sisi wazee tuliokuwa barazani tulicheka tu, kwani watoto ni watoto na Idd ni yao. Mara tukasikia ukelele. Mjukuu wangu mwenye umri wa miaka minane alikuwa amemlenga mwana wa jirani na kumpiga katika jicho la kulia. Jicho lilivimba, damu ikavilia ndani yake, na furaha ya Idd ikaishia katika chumba cha daktari wa macho. Daktari alituambia tumshukuru Mungu, kwani jicho litapona, lakini lisiguswe na lifunikwe kwa muda wa siku tisa.

Mama wa mtoto yule hakunitukana wala hakupiga kelele. Alinijia jioni, akaketi, akaniambia, "Ami, watoto kupigana si ajabu. Hata sisi tulipigana. Lakini huyu hakurusha ovyo. Alisimama, akafumba jicho moja, akamlenga mwanangu usoni. Nani aliyemfunza?"

Sikuwa na jawabu. Usiku nikamwita mjukuu wangu, nikamwuliza kwa upole kwa nini alilenga uso. Akanijibu bila ya jeuri, kama anayenieleza hesabu ya darasani, "Babu, ukipiga kichwa ndipo unapopata alama nyingi. Ukipiga mguu haanguki."

Hapo nikafahamu. Mchezo huo aliujulia katika simu ya mamake. Na simu hiyo, mpenzi msomaji, mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikimtia mkononi kila alasiri, ili nipate kusoma gazeti langu kwa utulivu.

Sisi Nasi Tulirusha Mateke

Kabla ya kuwalaumu watoto wa leo, yafaa tuseme ukweli juu yetu. Mimi ni mmoja katika kizazi kilichokulia sinema. Filamu ya Bruce Lee, Enter the Dragon, ilitoka mwaka 1973, na ilipofika pwani hapakuwa na mvulana aliyetembea kama binadamu wa kawaida. Tuliruka kuta, tulirusha mateke, tukaunga vijiti viwili kwa mnyororo na kuvizungusha mpaka vikatupiga wenyewe vichwani. Bruce Lee mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki mwezi wa Julai mwaka huo huo wa 1973, lakini vichochoroni mwetu aliishi miaka mingi baadaye.

Mwaka 1975 ikatoka Sholay, filamu ya Kihindi iliyoongozwa na Ramesh Sippy. Ndani yake mna jambazi aitwaye Gabbar Singh, aliyeigizwa na Amjad Khan. Gabbar ni katili asiyejua huruma, lakini sisi watoto tuligombania kuwa yeye. Wala hatukuwa peke yetu. Huko India kwenyewe jambazi huyo alipendwa hata akatumiwa katika tangazo la kuuzia biskuti! Na ni vyema kukumbuka kwamba wakaguzi wa filamu wa India waliukataa mwisho wa kwanza wa Sholay, ambapo mzee aliyedhulumiwa anamuua Gabbar. Ilibidi mwisho upigwe upya, polisi wafike na kumtia jambazi mbaroni, ili watazamaji wasije wakatoka sinema wakidhani kwamba kila mtu ana ruhusa ya kujichukulia sheria mkononi. Watu wa wakati huo, basi, walikuwa wamekwisha kujiuliza swali lile lile aliloniuliza jirani yangu.

Hata hivyo, sinema yetu ilikuwa na mipaka. Tulikwenda siku maalumu, tukalipa pesa tuliyoiomba, na katika ukumbi ule ule walikuwamo ami zetu na kaka zetu. Filamu ilikwisha, taa zikawaka, tukarudi nyumbani. Simu haina taa za kuwaka. Mchezo ukimalizika huanza mwingine, na mtoto yumo peke yake chini ya shuka.

Waliyoyaona Wataalamu

Jambo hili limechunguzwa kwa zaidi ya miaka sitini. Mwaka 1961, katika Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, mwanasaikolojia Albert Bandura na wenzake waliwachukua watoto wadogo 72 wa shule ya chekechea. Baadhi yao walionyeshwa mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa aliyejazwa hewa, kwa ngumi, kwa mateke na kwa nyundo ya mbao. Wengine walimwona mtu mzima akicheza kwa utulivu, na wengine hawakuonyeshwa kitu. Kisha kila mtoto alitiwa katika chumba chenye vitu vya kuchezea, na mwanasesere yule akiwamo. Waliokuwa wamemwona mtu mzima akipiga, nao walipiga. Tena wengi wao walipiga kwa namna ile ile na kwa maneno yale yale waliyoyasikia.

Mwaka 1963 Bandura alirudia jambo hilo kwa kutumia filamu, na akaona kuwa watoto waliiga waliyoyatazama katika filamu kama walivyoyaiga waliyoyaona kwa mtu aliye mbele yao. Lakini uchunguzi wake wa mwaka 1965 ndio unaonishughulisha zaidi. Safari hii watoto walionyeshwa filamu yenye miisho mitatu mbalimbali. Katika mwisho mmoja mpigaji anasifiwa na kupewa vitamu, katika wa pili anakemewa na kuadhibiwa, na katika wa tatu hapana linalompata. Waliomwona akiadhibiwa walimwiga kwa uchache. Lakini watoto wote walipoahidiwa zawadi ili waonyeshe waliyoyaona, tofauti ile ikatoweka. Hata wale waliokuwa wametulia waliweza kupiga vile vile. Maana yake ni kwamba somo walikuwa nalo wote, likingoja wakati wake tu.

Sasa tuulize: je, katika vipindi vya televisheni mpigaji huadhibiwa? Nchini Marekani, katikati ya miaka ya 1990, ulifanywa uchunguzi mkubwa wa vipindi vya televisheni. Taarifa yake ya kwanza, ya mwaka 1996, ilieleza kwamba katika asilimia 73 ya maonyesho ya mapigano, mtenda maovu hakuadhibiwa katika onyesho hilo. Asilimia 58 ya matendo ya kupigana hayakuonyesha maumivu yoyote ya aliyepigwa. Na vipindi vilivyoonyesha madhara ya muda mrefu vilikuwa asilimia 16 tu. Mtu hupigwa risasi, huanguka, na hadithi huendelea. Hakuna jicho linalofunikwa siku tisa.

Wengine waliwafuata watoto mpaka utu uzima. L. Rowell Huesmann na wenzake walianza mwaka 1977 na watoto wa Chicago na vitongoji vyake, na baada ya miaka kumi na mitano wakawapata tena 329. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2003, yalionyesha kwamba waliotazama sana vipindi vya mapigano utotoni walielekea zaidi kuwa wagomvi ukubwani, wanaume kwa wanawake. Uhusiano huo ulikuwa na nguvu zaidi kwa watoto waliojifananisha na mpiganaji, na kwa wale walioamini kwamba waliyoyatazama ndivyo maisha yalivyo.

Lakini haki ni haki, na upande wa pili nao usikizwe. Mwaka 2019 watafiti wawili, Andrew Przybylski na Netta Weinstein, waliwachunguza vijana zaidi ya 1,000 wa Uingereza wenye umri wa miaka 14 na 15, na hawakuona uhusiano baina ya michezo ya video yenye mapigano na ugomvi wa vijana hao. Mwaka 2020 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilisisitiza kwamba michezo hiyo inahusiana kwa kiasi kidogo na mambo kama kufoka na kusukumana, lakini hakuna ushahidi wa kutosha wa kuifanya kuwa sababu ya mauaji na jinai kubwa.

Kwa hivyo, atakayekwambia kwamba kila mtoto achezaye mchezo wa bunduki atakuwa jambazi, usimwamini. Na atakayekwambia kwamba mtoto hatoki na chochote katika anayoyatazama, usimwamini pia. Mjukuu wangu si jambazi. Lakini alitoka na kitu, na kitu hicho ni kwamba kichwa kina alama nyingi.

Mji wa Bondeni na Kisiwa cha Mbali

Kuna visa viwili ambavyo vikiwekwa pamoja vinatufungulia mlango.

Cha kwanza ni cha mji mdogo wa Kanada ambao wataalamu, ili kuwasitiri wenyeji wake, waliupa jina la Notel. Ulikuwa bondeni na mawimbi ya televisheni hayakuufikia. Bibi Tannis MacBeth Williams na wenzake waliwachunguza watoto wake mwaka 1973, kabla televisheni haijaingia, na mara ya pili mwaka 1975, miaka miwili baada ya kuingia. Katika uwanja wa michezo wa shule, kupigana na kutukanana vilikuwa vimeongezeka, kwa wavulana na kwa wasichana.

Cha pili ni cha kisiwa cha St Helena, kilichoko katikati ya bahari ya Atlantiki ya Kusini. Wasomaji wa pwani wanakijua kisiwa hicho pengine bila ya kujua kwamba wanakijua, kwani ni huko alikohamishiwa Sayyid Khalid bin Barghash wa Unguja na Waingereza, baada ya kumkamata mwaka 1916. Baadaye aliruhusiwa kurejea Afrika Mashariki, na alifariki hapa Mombasa mwaka 1927. Televisheni ya setilaiti ilifika St Helena mwaka 1995. Profesa Tony Charlton na wenzake kutoka Uingereza walikuwa wamekwisha kuwachunguza watoto kabla haijafika, na waliendelea kuwachunguza miaka kadhaa baada ya kufika. Walitarajia kuona yale ya Notel. Hawakuyaona. Watoto walibaki na adabu yao.

Kwa nini? Televisheni ni ile ile, na filamu za kupigana zilikuwamo. Watafiti walisema kwamba siri iko katika jamii yenyewe. Kisiwa kilikuwa na watu wapatao elfu tano tu, kila mtu akimjua mwana wa mwenziwe. Mtoto akikosa njiani, habari hufika nyumbani kabla yake. Wazazi na walimu wanaonekana, na macho ya wakubwa hayawaachi watoto.

Nilipokijua kisa hicho nilijiuliza: Je, si huo ndio uliokuwa mji wetu? Mombasa, Lamu, Malindi, Unguja, kote ndivyo tulivyolelewa. Mtoto alikuwa wa mtaa mzima. Mzee yeyote aliyekaa barazani alikuwa na haki ya kukuita, kukuuliza umetoka wapi, na kukukanya. Ukithubutu kwenda kushtaki nyumbani, unaongezwa. Televisheni ilipoanza kurushwa Mombasa mwaka 1970, aliyekuwa nayo alijaza mtaa mzima ukumbini mwake. Watoto walikaa chini mkekani, wakubwa nyuma yao, na likitokea jambo lisilofaa, mtu aliinuka akaizima, bila ya kuomba ruhusa ya mtu.

Bibi na Sindano ya Shaba

Pengine mtu atasema kwamba hata ngano zetu zina damu. Ni kweli. Zimwi humeza watu. Fisi hupigwa mpaka akafa. Na ni kisa gani kilicho na ukatili kuliko kile cha Fumo Liongo, shujaa wa pwani hii, aliyedungwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe? Hicho tulisimuliwa usiku, taa ya kandili ikipepesa, nasi hatukutoka asubuhi kutafuta sindano.

Tofauti iko kwa msimulizi. Bibi alikuwa papo hapo. Aliziona nyuso zetu, na mdogo akianza kuogopa alimvuta mapajani na kuipunguza hadithi makali. Hakuishia kwenye sindano. Alitueleza jinsi mwana yule alivyohadaiwa kwa ahadi za makuu, jinsi alivyokosa alichoahidiwa, na jinsi jina lake lilivyobaki kuwa la aibu mpaka leo. Bibi hakuwa amesoma uchunguzi wa Bandura wa mwaka 1965, lakini alijua kwamba kitendo kisiachwe kikaning'inia bila ya mwisho wake.

Simu haiuoni uso wa mtoto. Na mambo inayoyaleta si ya kubuni tu. Tarehe 15 Machi 2019, siku ya Ijumaa, mtu mmoja aliingia katika misikiti miwili ya Christchurch, New Zealand, akawaua Waislamu 51. Mauaji hayo aliyarusha moja kwa moja katika Facebook kwa kamera aliyoifunga kichwani, yakaonekana mfano wa michezo ile ya bunduki. Kampuni hiyo ilisema kwamba katika saa 24 za mwanzo iliondoa nakala milioni 1.5 za picha hizo. Nakala nyingine zilizunguka duniani, simu kwa simu. Na tangu Oktoba 2023 picha za watoto wa Gaza waliokatika viungo zimeingia katika kila nyumba.

Sisemi tufumbe macho yasione dhuluma. Mtu mzima ana wajibu wa kujua. Lakini mtoto wa miaka sita akiyatazama peke yake, ama ataingiwa na hofu isiyosemeka, akose usingizi na ashindwe kueleza sababu, ama atazoea. Na sijui lipi katika hayo mawili lililo baya zaidi.

Mlango ni Wetu

Sheria tunazo. Halmashauri ya kukagua filamu hapa Kenya huzipanga filamu kwa umri: za watu wote, za watoto kwa uangalizi wa wazazi, za waliofika miaka 16, na za miaka 18. Vituo vya televisheni na redio navyo vinatakiwa visitoe mambo ya watu wazima kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nne za usiku. Yote hayo ni mema. Lakini ni mkaguzi gani atakayeingia chini ya shuka la mjukuu wangu?

Dini yetu imekwisha kutufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, naye ataulizwa juu ya alichokichunga. Mchunga haketi nyumbani akawatuma mbuzi waende peke yao. Mwaka 1968 mtaalamu mmoja, David Hicks, aliwaketisha watoto watazame filamu ya kupigana pamoja na mtu mzima. Mtu mzima huyo akilaani yale matendo, watoto waliyaiga kwa uchache. Lakini hivyo ilikuwa pale tu mtu mzima mwenyewe alipobaki pamoja nao baadaye. Alipoondoka, maneno yake yaliondoka naye.

Basi haitoshi kukataza mara moja na kwenda zetu. Ninayoyapendekeza si makubwa. Simu isilale na mtoto. Mchezo usipakuliwe kabla mkubwa hajaucheza au kuutazama. Mtoto akitazama, mmoja wetu aketi kando yake na aseme: "Huyu aliyeanguka ana mamake. Unadhani mamake yuko katika hali gani sasa?" Mkono wa Idd tuutoe, lakini twende nao Makadara tukaone unanunua nini. Na baraza zetu, jamani, tuzirudie. Mtoto wa jirani akikosa tumkanye, na wetu akikanywa tusikasirike.

Mimi nimeanza. Siku ya tatu ya Idd nilimshika mkono mjukuu wangu tukaenda kwa jirani kuomba radhi. Mama yule alitusamehe, lakini akatoa sharti. Kila alasiri, saa ile ile niliyokuwa nikimpa simu, mjukuu wangu aende akakae na mgonjwa mpaka siku tisa zitimie. Alikwenda. Siku ya kwanza alirudi kimya. Siku ya pili aliniambia, "Babu, akitiwa dawa analia." Siku ya nne akaniuliza kwa nini katika mchezo hawalii.

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Zamani ulimwengu ulikuwa nje ya mlango, na mtoto alikutana nao akiwa ameshakua kidogo. Leo tumeuingiza ndani kwa mikono yetu, tukamkabidhi mtoto, tukaendelea kusoma gazeti. Siku ya tisa bandeji ya mtoto yule ilifunguliwa, na alhamdulillahi jicho linaona. Simu ya alasiri haijarudi mkononi mwa mjukuu wangu. Nami gazeti langu siku hizi nalisoma usiku, watoto wakiwa wamelala.